Mabalozi 18 kwenye fremu moja: fundi wa karibu na River Road

Fundi aliniambia nije Ijumaa. Nikaja Ijumaa, nikaambiwa Jumatatu. Jumatatu stima zilikuwa zimepotea jengo zima, mashine ya kukatia imelala, fundi mwenyewe ameketi mlangoni kwenye stuli anakula mahindi ya kuchoma. Kazi yangu niliichukua Jumanne ya wiki ya tatu. Nayasema haya mapema ili ukifika kwenye sifa usidhani nimepewa kitu kidogo.

Duka lenyewe halina jina. Kibao cha mlangoni kinasema tu kwamba hapa hutengenezwa fremu na vioo vya kujitazamia. Unashuka kutoka Tom Mboya kuelekea River Road, unapanda ngazi za giza, unapita mafundi cherehani watatu na kijana wa kutengeneza simu, halafu unasikia harufu ya mbao mpya na gundi. Usiende saa saba mchana, hata pa kuweka mguu hakuna. Wanafunzi wa vyuo huleta vyeti, wachungaji huleta picha za harusi za waumini, na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake.

Mimi nilipeleka daftari la marehemu baba, picha za mabalozi wa Marekani zilizomo ziwekwe kwenye fremu.

Baba alikuwa tarishi wa kampuni moja ya bima mjini, tangu mwaka wa Uhuru hadi alipostaafu 1996. Kazi yake ilikuwa kubeba bahasha: kutoka ofisini hadi benki, kutoka benki hadi mahakamani, kutoka mahakamani hadi Posta, kwa miguu, jua na mvua. Jioni alirudi Makadara na gazeti la jana alilopewa na mkubwa wake. Kila Marekani ilipoleta balozi mpya Nairobi, baba alichukua wembe, akaikata picha, akaibandika kwenye daftari nene la ofisini, lile la jalada jeusi na mgongo mwekundu. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini hakati picha za Gor Mahia kama baba za wenzangu. Akasema, "Hawa ni matarishi wenzangu. Tofauti ni kwamba bahasha yao hupokelewa na Rais."

Na kweli, ukilifungua daftari hilo unaona picha ileile inajirudia. Watu wawili wamesimama, mmoja ananyoosha mkono, mwingine anapokea bahasha ya hati za utambulisho, yaani barua ya Rais wa Marekani inayomtambulisha balozi wake. Anayepokea ni Kenyatta, halafu Moi kwa miaka mingi, halafu Kibaki. Wanaoleta ndio wanaobadilika.

Hapa ndipo mimi na fundi tulipokwaruzana mara ya kwanza. Yeye alitaka akate nyuso peke yake, zote saizi moja kama picha za pasipoti, azipange safu kwa safu. Alishakata kiolezo cha kadibodi anionyeshe. Kilipendeza, sikatai, lakini kilifanana na lile bango la "anatafutwa na polisi". Nikamwambia, kijana wangu, bahasha ibaki. Akaniangalia. Nikamweleza habari za baba na utarishi wake. Akakaa kimya kidogo, akachukua rula, akapima upya. Hakuniongezea bei kwa kadibodi aliyoiharibu, na hilo ndilo jambo la kwanza lililonifanya nimheshimu.

Kazi ilivyokuwa: fremu moja kubwa ya mbao ya rangi ya kahawa, ndani yake karatasi nene nyeupe iliyokatwa madirisha 20, safu nne za madirisha matano. Chini ya kila dirisha kuna kibao kidogo cha rangi ya shaba chenye jina na miaka. Mabalozi ni 18. Nitarudi kwa hayo madirisha mawili.

Shida kubwa ilikuwa kuzitoa picha kwenye daftari. Baba hakununua gundi hata siku moja, alikoroga unga wa ngano ukawa uji mzito, akapaka kwa kidole. Mende wa Makadara waliujua utamu wa uji huo. Balozi wa tatu, Robinson McIlvaine, aliyekuwa hapa 1969 hadi 1973, wamemla kuanzia kidevuni hadi kwenye tai. Fundi aliuliza kama atafute picha nyingine kwenye intaneti. Nikakataa. Kabla ya kuja Kenya, McIlvaine alikuwa balozi Guinea, na mwaka 1966 serikali ya huko ilimfungia nyumbani kwake Conakry kwa sababu ya ugomvi ambao chanzo chake kilikuwa Ghana. Mtu kama huyo mende hawamtishi. Fundi alilowesha ukurasa kwa mvuke wa birika, taratibu, akiinua gazeti kwa kisu cha plastiki kile cha kupakia siagi. Picha moja ilimchukua karibu robo saa. Halafu akaweka karatasi nyeupe nyuma ya tundu ili lisionekane kama kidonda. Nilisimama pale nikimtazama mpaka nikasahau matatu zangu.

Gazeti halikupakwa gundi tena. Ameligusisha pembe tu kwa vipande vya karatasi nyembamba, ili siku mtu akitaka kulitoa, litoke. Mafundi wengine niliowauliza kabla yake walitaka kubandika kila kitu kwenye ubao kwa gundi ya mbao.

Sasa, kilichonifanya niandike haya yote ni kwamba huyu kijana anasoma anachokiweka kwenye fremu. Wengi hawasomi. Mimi nimefanya kazi ya kusahihisha maandishi miaka 22, najua mtu anayesoma na anayepitisha macho.

Alianza na wa kwanza, William Attwood. Attwood alikuja 1964, miezi michache baada ya Uhuru, kabla hata Kenya haijawa jamhuri. Alikuwa mwandishi wa habari, mhariri wa jarida la Look, na Kennedy alikuwa amemtuma Guinea kwanza. Novemba ya mwaka huohuo alijikuta katikati ya mambo ya Congo: waasi wanashikilia mateka wa kizungu Stanleyville (Kisangani ya leo), Kenyatta anajaribu kupatanisha hapa Nairobi, Thomas Kanza amekuja kuwasemea waasi, na mazungumzo hayajafika popote ndege za Marekani zikawashusha wanajeshi wa miavuli wa Ubelgiji. Attwood alipoondoka 1966 aliandika kitabu kuhusu siku zake Afrika, na kitabu hicho kikapigwa marufuku Kenya. Pembeni mwa picha baba ameandika kwa kalamu ya wino, "Tarishi hasomi barua ya mwenyewe, huyu ameisoma na kuichapisha." Fundi alicheka mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

Wa nne, Anthony Marshall, fundi alimtafuta kwenye simu wakati gundi inakauka. "Mama, huyu alifungwa!" Ndiyo, alifungwa, lakini miaka mingi baadaye na kwao. Marshall alikuwa hapa 1973 hadi 1977. Mama yake, Brooke Astor, alikuwa tajiri mkubwa wa New York aliyejulikana kwa kutoa misaada, na mwaka 2009 mahakama ya huko ilimtia hatiani mwanawe kwa kumwibia uzeeni. Fundi aliuliza kama tumwache nje. Nikamwambia tukianza kuchuja, fremu itabaki na kioo tu.

Glenn Ferguson wa pili na William Harrop wa sita nitawapita haraka, ingawa Harrop ndiye aliyekuwa hapa wakati wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na kipande chake cha gazeti kina alama ya kikombe cha chai. Wilbert LeMelle, aliyefika 1977, ni Mmarekani mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo hapa. Baba alimpa ukurasa mzima peke yake. Gerald Thomas aliyemfuata Harrop alikuwa admirali mstaafu, mweusi pia. Na 1986 akaja mwanamke wa kwanza, Elinor Constable. Nakumbuka mama yangu aliiangalia ile picha muda mrefu kuliko baba.

Kisha tukafika kwa Smith Hempstone, na hapo ndipo penye lawama yangu ya pili.

Mtu wa rika langu hawezi kumsahau Hempstone. Mwanahabari mwingine huyo, mwenye ndevu na mwili mkubwa, alikuja mwishoni mwa 1989. Wakenya walimwita balozi wa nyama choma. Mei 1990 alisimama mbele ya wanachama wa Rotary hapa Nairobi akasema kwamba kuna mawazo yanayopata nguvu katika Bunge la Marekani ya kuelekeza misaada kwa nchi zinazojenga demokrasia. Leo maneno kama hayo hata hayafiki ukurasa wa tano. Wakati ule chama kilikuwa kimoja, kura za mlolongo, za kupanga foleni nyuma ya mgombea, zilikuwa zimepigwa miaka miwili tu nyuma, na mwezi huohuo wanasiasa Matiba na Rubia walikuwa wamejitokeza kudai vyama vingi. Julai wakakamatwa. Saba Saba, Julai 7 ya mkutano wa kudai vyama vingi, ikafika, Kamukunji ikawaka moto, na wakili Gibson Kamau Kuria akakimbilia ndani ya ubalozi wa Marekani kujificha. Mawaziri walimtukana Hempstone kila wiki. Desemba 1991 Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa, na vyama vingi vikarudi. Hakikufutwa na Mmarekani. Kilifutwa kwa sababu kuna watu walipigwa na kuwekwa kizuizini, na kwa sababu wafadhili waliokutana Paris mwezi mmoja nyuma walikuwa wamefunga mkono. Lakini kelele zake zilisaidia, na baba, ambaye siasa hakuizungumza hata chumbani, alibandika vipande saba vya gazeti kuhusu mtu huyu mmoja. Pembeni: "Huyu bahasha anaifungulia barabarani."

Sasa nenda usome kibao alichoniwekea fundi siku ya kwanza: "Smith Hempstone 1989–1983." Yaani balozi alifika, akaanza kurudi nyuma mpaka akamkuta Harrop. Nilipokuwa bado nashangaa, nikaona kibao cha Prudence Bushnell: "Bushel". Mwanamke wa watu amegeuzwa kuwa kipimo cha mahindi.

Nilikasirika, na nilisema. Majina nilimwandikia mwenyewe kwa herufi kubwa, karatasi ilikuwa bado imebandikwa ukutani juu ya mashine. Ikatokea kwamba vibao havichongi yeye, hupeleka kwa mtu mwingine jengo la pili, na huko ndiko miaka ilikopinduliwa. Hakubishana. Alisema, "Kosa ni langu, mama, mimi ndiye uliyenipa." Akarudia vibao vyote viwili bila malipo, lakini hiyo ndiyo iliyonila siku nne zaidi na nauli ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo ukienda, soma kibao kabla hakijabandikwa. Usimwachie mtu.

Ile picha ya Bushnell ndiyo ya pekee ambayo haina bahasha. Baba alikuwa na ya bahasha, ya 1996, lakini aliibandua mwenyewe akaweka ya Agosti 1998. Balozi amejeruhiwa, ameshikwa mkono. Asubuhi ya tarehe 7 alikuwa kwenye jengo la Benki ya Ushirika, pembeni mwa ubalozi, akizungumza na waziri wa biashara, bomu la magaidi lilipolipuka ubalozini. Ufundi House, jengo la jirani, ilianguka yote. Nairobi pekee walikufa watu 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12. Wengine wote ni wetu: makarani, wanafunzi wa uhazili, abiria wa basi, matarishi. Bushnell alikuwa amewaandikia wakubwa wake Washington zaidi ya mara moja kwamba jengo lile liko karibu mno na barabara. Bahasha hizo zilifika. Baba alikuwa amestaafu miaka miwili, lakini kona ile ya Moi Avenue na Haile Selassie aliipita kila siku ya kazi kwa zaidi ya miaka 30. Pembeni mwa picha hiyo hakuandika kitu.

Fundi alikuwa mtoto wa mwaka mmoja wakati huo. Aliniuliza palikuwa wapi hasa, maana bustani ya kumbukumbu huipita kila siku akienda kupanda gari na hajawahi kuingia. Nikamwambia aingie, asome majina ukutani. Niliporudi kwa ajili ya vibao aliniambia aliingia saa ya chakula. Alikuta majina mawili ya ukoo wake. Hatukuzungumza zaidi. Dirisha la Bushnell amelikata pana kidogo kuliko mengine, bila mimi kumwambia.

Waliobaki ni wa ubalozi mpya wa Gigiri, au wa kuelekea huko: Johnnie Carson, Bellamy, Ranneberger wa siku zile mbaya za ghasia za uchaguzi, 2007 na 2008. Scott Gration, jenerali mstaafu wa jeshi la anga, alilelewa Congo na wazazi wamishonari na Kiswahili alikizungumza vizuri. Baba alifurahi sana alipomsikia redioni. Furaha haikufika mbali, alijiuzulu Juni 2012 baada ya kama mwaka mmoja, wakati ripoti ya mkaguzi wa wizara yao iliyolaumu uongozi wake ilikuwa njiani. Robert Godec ndiye wa mwisho aliyekatwa na wembe wa baba, mapema 2013. Baba alifariki Aprili.

Katikati ya kazi fundi akaniuliza, "Na yule wa matapishi yuko wapi?" Alimaanisha Edward Clay, aliyesema 2004 kwamba wala rushwa wa serikali walikuwa wanatapika kwenye viatu vya wafadhili. Yule alikuwa wa Uingereza, nikamweleza, tena kwa hati si balozi bali Kamishna Mkuu, kwa kuwa nchi za Jumuiya ya Madola hubadilishana makamishna. Sisi kwa Kiswahili tunawaita wote mabalozi na mambo yanakwenda. Huko kwa Waingereza kuna kichekesho kizuri zaidi: Malcolm MacDonald alikuwa gavana wa mwisho wa Kenya, Uhuru ulipokuja akawa Gavana Mkuu, jamhuri ilipokuja akawa Kamishna Mkuu. Kofia tatu, mtu mmoja, nchi moja. Fundi akasema huyo angehitaji fremu yake.

Wawili wa mwisho niliwaongeza mimi, picha zikachapishwa palepale dukani: Kyle McCarter wa 2019, na Meg Whitman, aliyewahi kuongoza eBay, akimpa Rais Uhuru Kenyatta bahasha siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, 2022. Uchapishaji wa picha si kipaji cha duka hili. Nyuso zimetoka nyekundu kama waliotoka jikoni. Peleka zikiwa zimeshachapishwa kwingine.

Bei: fremu na madirisha yake 6,500, vibao 18 kwa shilingi mia mia, picha mbili 300. Jumla 8,600, tukaongea tukafika 8,000, nusu kabla na nusu baada, kwa M-Pesa. Kuna kioo kisichong'aa cha kuongeza 900, nikajifanya mjanja nikakataa. Sasa jua la asubuhi likiingia sebuleni, safu nzima ya chini hupotea, na ukitaka kumwona Gration lazima uchutame. Lipa hiyo 900.

Kwa jumla nampa nne kwa tano. Hiyo moja ameichukua Bushel.

Ama yale madirisha mawili. Niliagiza 18 kamili, fundi ndiye aliyeshauri 20. Alikuwa ameshasoma kwamba Whitman alijiuzulu Novemba 2024, Trump aliposhinda, na ubalozi ukabaki na kaimu. "Kaimu hatumweki," akasema, "hajaleta bahasha." Akanifundisha kuifungua fremu kwa nyuma, skrubu nne tu, ili nisirudi kulipa. Wiki jana amenitumia ujumbe: "Mama, amekuja mwingine?" Nikamjibu bado.